Harmoni ya kompyuta inapogongana na wimbo: dalili, sababu na tiba

Malalamiko yanayofika studio hapa Dodoma kuhusu harmoni za kutengeneza kwa kompyuta ni yale yale, awe mletaji ni kijana wa Nkuhungu mwenye laptopu na FL Studio (programu ya kutengenezea muziki) au kwaya nzima kutoka Chamwino. Mtu amerekodi sauti moja, akaipitisha kwenye plagini (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya muziki) ya kupandisha pichi, yaani kimo cha noti, ili apate sauti ya pili na ya tatu bila kumsumbua mwimbaji mwingine, na kilichotoka hakisikilizeki. Anaifuta plagini, anashusha nyingine ya bei kubwa zaidi, na tatizo linamfuata huko huko. Mimi plagini huwa naishuku mwisho. Karibu kila mara kosa liko kwenye kile ulichoilisha, au kwenye noti ulizoiagiza.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitufe chochote, tenganisha kwanza: kilichoharibika ni noti, ni sauti, au ni muda? Zima sauti ya kuongoza na bit yote (muziki wa nyuma), usikilize harmoni peke yake. Ikiwa ni safi, na inaanza kuudhi pale tu unaporudisha wimbo, tatizo ni noti. Endelea na sehemu inayofuata. Ikiwa hata peke yake ina sauti ya katuni, inakwaruza au inaruka-ruka, tatizo ni sauti. Ikiwa kila treki ni nzuri ikiwa peke yake, lakini zikikutana zinafuatana kwa mwangwi au zinakonda, tatizo ni muda.

Inakubali kwenye baadhi ya maneno, kwenye mengine inagonga

Hii inaongoza kwa mbali, na sababu yake kubwa ni moja: umepandisha kila noti kwa kiasi kile kile. Umesikia kwamba sauti ya pili hukaa "tatu juu", ukaweka semitoni 4 (semitoni ni hatua ndogo kabisa ya kinanda), ukaacha. Mashine haijui wimbo uko ki gani, yaani noti gani ndiyo nyumbani kwake na ngazi gani inaifuata. Itapandisha 4 popote, panapofaa na pasipofaa.

Nimemwona mwalimu mmoja wa kwaya akilimaliza jambo hili bila kugusa kompyuta. Alikuwa amekaa kwenye kochi nyuma yetu akisubiri zamu ya watu wake, na kijana mwenye kibwagizo cha gospo akawa ananilalamikia, "Braza, hii plagini imechoka." Kibwagizo kilianza do, re, mi. Mwalimu akaifuata harmoni kwa mdomo: "Mi, fe, se." Akanyamaza kidogo. "Hizo fe na se mmezitoa wapi, mwanangu? Wimbo wenu hauna fe."

Ndivyo ilivyo. Fe ni fa iliyopandishwa semitoni moja, na se ni so iliyopandishwa hivyo hivyo; wimbo ule haukuwa nazo. Kwenye ngazi ya meja, "tatu juu" haina urefu mmoja. Do, fa na so zinapanda semitoni 4. Re, mi, la na ti zinapanda 3 tu. Ukiweka 4 kwa wimbo mzima, noti nne kati ya saba zinatoka nje ya ngazi. Ukiweka 3, zinatoka tatu. Yeyote aliyewahi kuimba sauti ya pili kanisani anajua hili kwa koo lake hata kama hajawahi kuhesabu.

Tiba rahisi ni kuangalia kama plagini yako ina sehemu ya kuchagua ki na ngazi. Ikiwepo, chagua, na itahesabu yenyewe lini ipande 3 na lini 4. Isipokuwepo, nakili treki, ikate noti kwa noti, kisha pandisha kila kipande kwa hesabu niliyotoa hapo juu. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa kibwagizo cha mistari minne inalipa. Ukiwa na haraka sana, oktavu, yaani 12, haikosei kamwe. Semitoni 7 zinakosea kwenye ti peke yake, na 5 zinakosea kwenye fa peke yake. Harmoni ya 7 mwanzo mwisho ina utupu fulani ambao kwenye bit ya klabu unapendeza. Kwenye wimbo wa maombolezo mimi siuweki.

Sababu ya pili ni ki yenyewe kuwekwa vibaya. C meja na A maina zina noti zile zile, hivyo ukichanganya hizo mbili hutaumia. A meja na A maina ni mambo tofauti kabisa. Usiamini jina la faili la bit uliyonunua. Imba wimbo mpaka mwisho, tafuta noti ambayo wimbo unatulia, kisha itafute kwenye kibodi. Na kama wimbo wa maina una ile kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya meja inayorudisha nyumbani, kwa mfano E meja ndani ya A maina, pale noti ya G inapanda kuwa G kali, na plagini iliyofungwa kwenye maina ya kawaida itaipiga chini. Kata sehemu hiyo uishughulikie peke yake.

Ya tatu inawashangaza wengi: noti imo kwenye ngazi, lakini kodi haiitaki. Mwimbaji ameshikilia so wakati piano iko kwenye kodi ya do. Tatu juu ya so ni ti, na ti inasuguana na do ya besi kwa nusu hatua. Ikipita haraka hakuna atakayejali. Ikishikiliwa mapigo manne, inauma. Pale ipandishe 5 iangukie kwenye do. Njia safi zaidi ni kuachana na hesabu za kupanda, ukaiandikia harmoni melodia yake kwa noti za MIDI, yaani maagizo ya noti yanayotoka kwenye kibodi. Pitcher ya FL Studio inapokea noti za kibodi kwa kazi hiyo, na plagini nyingine nyingi za harmoni zinafanya vivyo hivyo. Kama unajua kusoma sol-fa, andika sauti ya pili kwenye karatasi kama ungeiandikia kwaya, kisha uicheze kwenye kibodi.

Ya nne si ya kawaida lakini inapoteza siku nzima: rekodi yako haiko kwenye A ya hezi 440, kipimo ambacho ala nyingi hupangiwa. Sampuli ya kaseti ya zamani inaweza kuwa robo semitoni chini. Sauti iliyochukuliwa kwa kilohezi 44.1 (yaani sampuli 44,100 kwa sekunde) ikafunguliwa kama ya 48 inapanda karibu semitoni moja na nusu, na inakwenda mbio kidogo. Hili hutokea sana kwa sauti zilizotolewa kwenye video za simu. Weka tyuna (kipimo cha noti) kwenye treki uone sindano inasimama wapi. Sahihisha rekodi nzima kwanza, ndipo uanze harmoni.

Simama hapa. Kama umehakikisha ki, kodi na tyuna, na masikio bado yanakataa, usiongeze plagini. Mtafute mpiga kinanda au mwalimu wa kwaya mkae naye hata nusu saa, umlipe. Tatizo limeshakuwa la utunzi, na kompyuta halihusu.

Ilimba, zeze na sauti za Kigogo zinapokataa kukaa

Hili nalitenga kwa sababu hapa katikati ya nchi linakuja kila msimu, na mafunzo ya mtandaoni hayaligusi. Umechukua ilimba, ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ukaiweka kwenye bit ya amapiano, ukaongeza harmoni, na kila kitu kimekuwa kama kimelegea. Au umemrekodi bibi wa Mvumi akiimba, ukawasha kusahihisha pichi, na utamu wote ukatoka.

Sababu: ngazi ya Kigogo haikutoka kwenye piano. Inafuata sauti za asili za mtetemo, yaani zile zenye mtetemo mara mbili, tatu, nne na kuendelea ya ule wa msingi, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Piano inagawa oktavu vipande 12 vya senti 100 kila kimoja, senti ikiwa sehemu ya mia ya semitoni. Sauti za asili hazijali mgawo huo. Sauti ya 5 iko senti 386 juu ya ile ya 4, wakati piano inataka 400. Sauti ya 7 iko 969, na piano inataka 1000. Yaani ukiwasha kusahihisha pichi, ile ya 7 inasukumwa juu senti 31, karibu theluthi ya semitoni. Hilo si sahihisho tena.

Kwa hiyo jambo la kwanza, zima kusahihisha. La pili, pima ilimba uliyonayo ulimi kwa ulimi kwa tyuna inayoonyesha senti, maana kila fundi ana sikio lake. La tatu, panga harmoni kwa njia ambayo waimbaji wenyewe huipata: kila mtu anaruka sauti moja ya ngazi na kusimama kwenye inayofuata. Kwa hesabu za asili, aliye kwenye sauti ya 4 anapandishwa semitoni 7 na senti 2, aendane na ya 6. Aliye kwenye ya 5 anapandishwa 6 kasoro senti 17. Wa ya 6 anapanda 5 kasoro senti 2. Wa ya 7 anapanda 4 na senti 35. Kata treki, weka kila kipande kiasi chake, usikilize. Ukitaka kujua ngazi hiyo inavyopaswa kutulia masikioni, zisikilize rekodi za marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, akiwa na ilimba peke yake.

Kisha bit ndiyo iifuate ilimba. Shusha au pandisha sintesaiza kwa senti chache mpaka besi itulie na ulimi mkubwa wa ilimba, na usiweke kodi nzito za piano juu yake.

Imekuwa sauti ya katuni, au ya jitu

Koo na mdomo wa mtu vina umbo, na umbo hilo linaongeza nguvu kwenye masafa fulani ambayo wataalamu wanayaita fomanti. Mtu akiimba juu zaidi, fomanti zake hazipandi pamoja na noti. Mdomo ni ule ule. Ukipandisha rekodi nzima, noti na fomanti zinapanda pamoja, na sikio linasikia mtu mwenye kichwa kidogo. Ukishusha, linasikia jitu.

Angalia kwanza kama umetumia njia ya kubadilisha kasi, ambayo FL Studio inaiita Resample. Hiyo hufupisha na kupandisha kwa pamoja: oktavu moja juu, urefu unakuwa nusu. Badilisha kwenda njia ya kunyoosha inayotunza muda. Pili, washa kitufe cha kuhifadhi fomanti. Kwenye Ableton Live, programu nyingine ya muziki, kipo kwenye hali ya Complex Pro. Tatu, punguza umbali. Semitoni 3 hadi 5 zinavumilika kwa plagini nyingi. Ukipita 7, hata ile nzuri inaanza kujitangaza. Ukihitaji sauti ya mbali, mrekodi mwimbaji upya akiwa karibu na noti hiyo, kisha uipandishe kidogo tu.

Singeli wao wanaipenda sauti iliyopandishwa na kukimbizwa. Kama hiyo ndiyo ladha unayoitafuta, huna tatizo. Ruka sehemu hii.

Inakwaruza, inatetemeka, au inaruka oktavu ghafla

Plagini za sauti ya mtu mmoja zinafanya kazi kwa kubahatisha, mara nyingi kwa sekunde, mwimbaji yuko noti gani. Chochote kinachoficha noti kinazifanya zibahatishe vibaya.

Mhalifu wa kawaida ni rivebu, yaani mwangwi wa chumba, iliyowekwa kabla ya plagini. Noti iliyopita bado inaning'inia wakati inayofuata imeanza, na mashine inaona noti mbili. Hamisha rivebu ije baada ya harmoni. Inayofuata ni chumba. Ukirekodia kwenye chumba cha bati bila dari mchana wa Oktoba, upepo wa Dodoma unapiga mabati, feni inazunguka, na maiki inabeba vyote. Zima feni kwa dakika tatu za kurekodi, tundika blanketi nyuma ya mwimbaji, msogeze karibu na maiki. Kata masafa ya chini ya hezi 80 kwa ikwalaiza kabla ya plagini. Kwa sauti ya mwanamke unaweza kwenda hadi 100 au zaidi kidogo.

Kama inaruka oktavu kwenye noti za chini tu, tafuta sehemu ya kuchagua aina ya sauti: soprano, alto, tena, besi. Ukimwachia mwanaume mpangilio wa soprano, mashine inatafuta noti juu zaidi ya alipo.

Mikwaruzo ikija kwenye "s", "sh" na "ch" pekee, kumbuka herufi hizo hazina noti, ni upepo. Ziondoe kwenye harmoni. Kata kila "s" kwenye treki ya pili na ya tatu, uache ya sauti ya kuongoza peke yake. Msikilizaji hatagundua, na zile "s" tatu zilizokuwa zinafika kwa kupishana zinaisha.

Kisha kuna rekodi isiyotibika. Ikiwa umeleta sauti iliyotumwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, au waimbaji wawili kwenye maiki moja, au mwimbaji juu ya ngoma za muheme zinazopigwa hatua mbili kutoka kwake, usihangaike. Ipo programu ya kutenganisha noti zilizochanganyika, Melodyne, na inasaidia kwenye gitaa au piano safi. Lakini mkusanyiko wa uwanjani wenye vumbi na vigelegele hauipi nafasi. Rekodi upya. Kama haiwezekani kurekodi upya, mpe mtaalamu wa kusafisha sauti, ukijua kwamba huenda naye akasema hapana.

Mkwaruzo wenyewe una historia. H910 ya Eventide, mashine ya 1975 iliyofungua njia hii, ilikuwa inakatika-katika kila ilipounganisha vipande vya sauti, na watu waliipenda hivyo hivyo. Prodyuza Tony Visconti aliipitishia ngoma za mwimbaji David Bowie kwenye albamu ya Low ya 1977 zikawa zinaanguka pichi kila zikipigwa. Kwa hiyo kwenye ngoma, kwaruza utakavyo. Kwenye mstari ambao mama mchungaji anataka asikie kila neno, hapana.

Harmoni inachelewa nyuma ya mwimbaji

Ukiwa unachanganya tu, bila mtu kuimba moja kwa moja, hakikisha programu imewasha fidia ya ucheleweshaji wa plagini. Ikiwa imewashwa na bado inachelewa, isogeze treki mbele kwa mkono mpaka konsonanti zikutane.

Akiwa anaimba na kujisikia kwa hedifoni, tazama bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata. Sampuli 1024 kwa kilohezi 44.1 ni milisekunde 23 kabla hata plagini haijaanza kazi. 256 ni karibu 6. Shusha bafa wakati wa kurekodi, ipandishe wakati wa kuchanganya. Lakini kuna ucheleweshaji usioondoka. Noti ya hezi 100 ya besi inachukua milisekunde 10 kumaliza mzunguko mmoja, na plagini inahitaji angalau mizunguko miwili hivi kuitambua. Kwa hiyo mwimbaji arekodi akijisikia mkavu, bila plagini, harmoni iwekwe baadaye. Nimegombana na watu kuhusu hili na sijabadilisha msimamo.

Kompyuta ikikwama kabisa kwa sababu ya plagini nne za harmoni, geuza kila treki ya harmoni kuwa faili la sauti, kisha uzime plagini. Basi.

Kwenye spika ni nene, kwenye simu imekonda

Simu nyingi na spika za bluetooth za sokoni Majengo zinachanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Nakala mbili za sauti ile ile zilizopishana kidogo zikikutana hapo, zinafutana kwenye baadhi ya masafa. Zikipishana milisekunde 10, zinafutana kwenye hezi 50, 150, 250 na kuendelea hivyo mpaka juu.

Bonyeza mono kwenye masta usikilize. Ikikonda, kwanza angalia kama hukuacha sauti kavu (ile ya awali isiyobadilishwa) ndani ya plagini ya harmoni. Nakala hiyo inagongana na sauti ya kuongoza, kwa hiyo ishushe mpaka sifuri. Kisha punguza ule unene wa bandia: senti 5 hadi 10 juu upande mmoja, na kiasi hicho hicho chini upande mwingine, zinatosha. Na mwimbaji akiwepo bado, mwombe aimbe mara ya pili, harmoni itengenezwe kutoka kwenye ule uimbaji wa pili. Hakuna plagini inayoshinda hilo.

Jukwaani: mluzi unaopanda, au maiki inayouma

Maiki ikisikia spika, na kati yao kuna mashine inayopandisha pichi, kila mzunguko unapanda juu ya uliopita. Matokeo ni mluzi unaokwea kama king'ora. Usianze kutafuta sababu wakati mluzi unalia: shusha sauti ya masta mara moja, na mwenye hedifoni azivue. Kisha weka spika mbele ya maiki zikiwaelekea wasikilizaji, si nyuma ya mwimbaji, na uzime harmoni mwimbaji anapokuwa kimya.

Mvumo wa chini usiobadilika, wa hezi 50, ni wa umeme. Jaribu kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani na utenganishe waya za sauti na za umeme. Usikate kamwe pini ya ithi ili kuumaliza. Na kama midomo ya mwimbaji inachomwa akigusa maiki huku ameshika gitaa, zima kila kitu kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme mwenye leseni, hata kama hafla imeshaanza na mgeni rasmi amekaa. Udongo wetu ukikauka hupitisha umeme vibaya, na nondo ya ithi iliyopimwa wakati wa mvua inaweza isifae mwezi wa tisa. Mwambie aipime upya kabla hajagusa kitu kingine.